Sura ya Saba: Bahari Isiyotoa Maji

Viatu vilikuwa juu ya meza ya chakula, vimewekewa gazeti chini, na hakuna aliyetaka kuvigusa mara ya pili.

Vilikuwa viatu vya ngozi nyeusi. Kisigino cha kulia kimelika upande, na kamba moja imekatika ikaungwa kwa fundo. Inspekta alivitoa kwenye begi lililookotwa stendi ya mabasi asubuhi ya Jumapili, chini ya benchi, bila mwenyewe, mwalimu mzee aliyetoweka tangu Jumamosi. Ndani ya begi mlikuwa na shati, miwani ya kusomea, Biblia kuukuu, na hivyo viatu. Basi. Tangu begi lilipopatikana, mtaa mzima ulikuwa na neno moja: mzee kasafiri. Hata bosi wa Inspekta kituoni alikuwa ameshaanza kulitazama lile faili kwa jicho la kulifunga. Mtu mzima ana haki ya kupanda basi, alisema, na mke si lazima aagwe.

“Mama,” Inspekta aliuliza, “mzee ana jozi ngapi za viatu?”

Mke wa mwalimu alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, mikono ameificha ndani ya kanga kama mtu anayesikia baridi, na baridi haikuwepo.

“Hiyo hapo. Na ndala. Ndala ziko mlangoni, umeziruka ulipoingia.”

“Hana vingine kabisa?”

“Mwanangu, mume wangu ni mwalimu wa chuo cha Biblia, si mcheza dansi.”

Inspekta hakucheka, na mama hakuwa amesema ili kuchekesha. Wote wawili walikuwa wanavitazama vile viatu, na jambo lile lile liliwafikia kwa pamoja, polepole, kama maji yanavyopita chini ya mlango. Mtu akifunga safari hufungasha nguo. Hafungashi viatu alivyovaa. Na kama hakuvivaa vile, na ndala ziko hapa, basi huyu mzee wa miaka sitini na minane alikwenda stendi peku, akaacha begi chini ya benchi, akapanda basi peku.

“Kuna mahali huvua viatu?” Inspekta akauliza. “Mbali na hapa nyumbani.”

“Kwenye nchi yake.”

“Nchi gani?”

“Ile aliyoijenga sakafuni kule chuoni. Milima, mito, miji yote ya kwenye Biblia. Haikanyagwi na viatu. Alikuja askofu mwaka juzi, naye akavuliwa soksi. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Yordani. Kila mwaka siku ya kwanza humwaga maji juu ya mlima Hermoni, wakayafuata mpaka Bahari ya Chumvi. Mwaka wa ishirini na sita huu.”

Aliinuka, akafungua kabati, akaleta vitu viwili. Kimoja kilikuwa kikopo cha dawa za presha. Kingine kilikuwa daftari la jalada gumu.

“Kidonge cha Jumamosi jioni kipo. Cha Jumapili kipo. Cha jana kipo. Daktari alishasema akiruka siku nne nisihangaike kumpigia yeye, nimtafute fundi seremala wa jeneza.” Akamwekea Inspekta kikopo mkononi, akamfunga vidole juu yake. “Kaa nacho wewe. Mimi sitamfikia kwanza.”

Inspekta alilifungua daftari. Lilikuwa na mwandiko mdogo, ulionyooka, wa umbali wa mji na mji, wa kina cha mabonde, wa mfalme gani alijenga wapi. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa na kichwa kilichopigwa mstari: *Maswali kabla ya kutia sahihi.* Chini yake mistari mitatu tu.

*Yeriko. Desemba. Makoti mawili?*

*Wafalme walihamia Yeriko kuikimbia baridi ya Yerusalemu. Majumba yao ya kipupwe yalikuwa huko.*

*Aliyefika hawezi kukosea hili.*

“Hii ni nini, mama?”

“Kuna mtu kaandika kitabu cha safari zake za nchi zile, akampa asome, atie sahihi kwamba ni kitabu cha kweli. Hakuniambia ni nani. Aliniambia tu, ‘Mke wangu, nimeombwa nishuhudie uongo.’”

---

Chuo kilikuwa likizo. Mabweni yamefungwa, kamba za kuanikia nguo hazina nguo, na mahali palipozoea kelele za vijana palikuwa kimya kiasi kwamba Inspekta alisikia saa yake ya mkononi. Alimwacha konstebo wake getini anakili daftari la mlinzi, nani aliingia Jumamosi na nani alitoka.

Alimkuta fundi wa chuo karibu na stoo, anafunga bomba kwa mpira. Mtu mfupi, mabega mapana, macho hayakai mahali pamoja. Kitu cha kwanza alichokiona Inspekta ni kucha zake: nyeupe pembeni, nyeupe ya plasta.

“Hizo kucha, kaka?”

“Plasta, afande.”

“Ya lini?”

“Jumapili. Makamu aliniita nizibe ufa kwenye ile ramani ya sakafuni. Milima ya Moabu ilipasuka.”

“Jumapili? Watu wakiwa kanisani?”

“Mimi nilimwambia hivyo hivyo. Akasema ufa haujui siku.” Fundi alijifuta kucha kwenye suruali, akazitazama, bado zilikuwa nyeupe. “Kopo moja lilitosha. Ila mfuko mzima umekwisha. Nilijaza kopo juzi, nikarudi nikaukuta mfuko mtupu. Nikasema labda siku hizi panya nao wanajenga.”

“Na vifaa vyako vyote vipo?”

Hapo macho yake yalikimbia kabisa. “Mtaimbo wangu siuoni.”

“Tangu lini?”

“Tangu... siuoni tu, afande. Mtu anaweza kuweka kitu akasahau.”

“Ufunguo wa chumba cha ramani anao nani?”

“Watatu. Mwalimu, makamu, na mimi.”

Inspekta aliandika. Alikuwa na mtu mwenye plasta kuchani, mwenye ufunguo, mwenye mtaimbo usioonekana, na anayejibu huku anatazama miguu yake. Wapelelezi wengine wangemfunga pingu papo hapo. Yeye alitaka kwanza amsikie huyo makamu peke yake, amlinganishe na huyu.

“Njoo na kopo lako na ufunguo wako baada ya robo saa,” alimwambia. “Utanionyesha huo ufa.”

Fundi aliitikia kwa kichwa. Hakuuliza chochote, na jambo hilo halikumpendeza Inspekta.

---

Makamu mkuu wa chuo alikuwa mrefu, msafi, mwenye sauti ya kusomea matangazo ya harusi. Alimpokea kwa mikono miwili.

“Karibu, dada inspekta. Tumeumia sana. Mwalimu ni baba yetu. Lakini mimi nadhani amechoka tu, akaenda kupumzika mahali. Wazee wana mambo yao.”

“Ningependa kuona alipokuwa akifundishia.”

Makamu alipepesa jicho mara mbili. “Bila shaka,” akasema.

Chumba kilikuwa mwisho wa korido, jengo la zamani kuliko yote, kuta nene za mawe, madirisha madogo yaliyo juu kuliko kichwa cha mtu. Makamu alifungua, wakaingia, akafunga. Inspekta alisikia ufunguo unazunguka mara mbili.

“Mbona umefunga?”

“Upepo, dada. Ukiupiga mlango, vumbi linaharibu rangi.” Akautoa ufunguo kwenye tundu, akautia mfukoni.

Hapakuwa na upepo. Inspekta alitoa simu yake kama anayetazama saa. Haikuwa na mtandao, hata mstari mmoja. Kuta zile.

“Viatu,” makamu alisema kwa upole. “Ni sheria yake.”

“Wewe huvui?”

“Mimi sipandi juu. Nasimama ukingoni.”

Inspekta alivua. Saruji ilikuwa baridi chini ya nyayo. Na hapo, akiwa peku, na mlango umefungwa nyuma yake, ndipo alipoelewa kwamba amesimama vile vile alivyosimama mzee Jumamosi.

Nchi ilikuwa mbele yake. Ilikuwa na urefu wa hatua kumi hivi, kutoka ukuta hadi ukuta. Kaskazini Hermoni uliinuka mpaka magotini, kilele kimepakwa chokaa kuwa theluji. Kati kulikuwa na mgongo wa milima, na juu yake Yerusalemu, vijumba vya udongo vilivyobanana. Kusini kabisa Beer-sheba na rangi ya mchanga. Upande wa magharibi hapakujengwa chochote: sakafu yenyewe ilipakwa buluu, ikawa Bahari Kuu.

“Sakafu ndiyo usawa wa bahari,” makamu alieleza. Alikuwa amesimama kati yake na mlango. “Kwa hiyo milima aliijenga juu ya sakafu. Lakini bonde la Yordani liko chini kuliko bahari zote. Ziwa Galilaya liko chini ya usawa, Yeriko liko chini zaidi, na ukingo wa Bahari ya Chumvi ndio pakavu pa chini kuliko pote duniani. Ilibidi achimbe.”

“Alichimba sakafu ya saruji?”

“Alichimba... ndiyo. Kidogo.”

Inspekta alipita taratibu ukingoni, macho chini. Alifundishwa zamani na sajini mmoja mzee kwamba ukiogopa, hesabu vitu. Alihesabu. Jagi la plastiki karibu na Hermoni, lina maji, juu yake utando wa vumbi la siku tatu. Fimbo ndefu ya kuonyeshea, imelala chini katikati ya Samaria, mahali ambapo hakuna mwalimu angeiacha. Mji wa Hebroni umebonyea kama kikombe kilichokaliwa. Milima ya Moabu ina kiraka kipya, cheupe, kidogo, kazi safi ya fundi. Na kuizunguka Bahari ya Chumvi, mstari mwingine wa plasta mpya, mpana, mbaya, wenye alama za vidole vya mtu asiyejua kushika mwiko, umepakwa buluu haraka haraka.

Kisha akaona cha sita. Nyuma ya mlango, pale mlango unapofunguka ukaficha ukuta, mtaimbo ulikuwa umesimama. Ncha yake ilikuwa nyeupe.

Makamu alikuwa karibu nao kuliko yeye.

“Wewe umewahi kufika huko?” Inspekta aliuliza. Sauti yake ilitoka vizuri, alishangaa mwenyewe. Alichuchumaa karibu na Yeriko.

“Mara moja, lakini kwa miguu. Nchi yote.” Sauti ikapata joto, hii ilikuwa hadithi iliyosimuliwa mara nyingi. “Naandika kitabu. Nakumbuka Desemba ile tumefika Yeriko jioni, dada, baridi ilivyokuwa kali. Nilivaa makoti mawili na bado meno yanagongana. Waumini wakinisikia nikisimulia hapo, wanalia.”

Inspekta alikuwa anakitazama kile kijumba kidogo cha udongo kilichoandikwa *Yeriko*, kimekaa ndani ya shimo, chini ya usawa wa bahari zote, chini sana ya Yerusalemu. Miti ya mitende imechorwa kukizunguka. Makoti mawili, alama ya kuuliza. Mistari mitatu ya mwandiko ulionyooka.

Hakuinua kichwa. Alijua akiinua, uso wake utasema.

“Pole,” alisema. “Baridi ni kitu kibaya.”

“Sana.”

Fundi ataleta kopo baada ya robo saa. Zimepita dakika ngapi? Sita, saba. Na huyo fundi mwenyewe, ana plasta kuchani na mtaimbo wake uko humu. Kama ni wawili, basi robo saa ikitimia hataongezeka msaidizi, ataongezeka wa kumshika miguu.

“Nimeambiwa kuna somo la maji,” akasema, akainuka, akaelekea kaskazini. Alitembea kama mgeni wa makumbusho. Kila hatua ilimweka mbali na mlango, lakini pia iliweka milima ya Yuda katikati yao. “La siku ya kwanza. Nionyeshe.”

“Tusimwage, dada. Rangi ile ni ya maji.”

“Mara ishirini na sita imemwagiwa.”

“Nimesema tusimwage.”

Alikuwa amekwisha kuliinua jagi. Maji ya kwanza yalimmwagikia vidole vya miguu. Ya pili yaliangukia Hermoni.

Ilikuwa kazi ya ustadi, ile nchi. Maji yaliteremka mlimani kwa vijito viwili, yakakutana pale Dani, yakatulia kidogo kwenye Ziwa Galilaya mpaka likajaa, kisha yakatoka upande wa kusini na kuingia Yordani. Mto ulijengwa na mikunjo yake yote, kama utumbo. Maji yalikwenda kushoto, kulia, yakarudi, hayana haraka. Wote wawili waliyatazama. Ajabu ni kwamba hakuna aliyesogea. Hata makamu alisimama akiyafuata kwa macho kama mwanafunzi. Yakapita Yeriko. Yakaingia Bahari ya Chumvi, yakatandaa, yakang’aa.

Hapo ndipo somo huishia. Inspekta alilisoma kwenye daftari asubuhi ile: mito huingia, hakuna unaotoka. Bahari hupokea na kukaa.

Maji yalianza kusogea. Yalijivuta kuelekea ukingo wa magharibi, pale palipopakwa kwa vidole, yakatengeneza mzunguko mdogo usiozidi sarafu. Yakapungua. Buluu ya sakafuni ikatokea tena, imelowa. Na kutoka chini, mbali, ikaja sauti ya tone linaloangukia mahali penye uwazi. Tone. Tone.

Kisha matone yakaacha kulia, ingawa maji bado yalikuwa yanashuka. Kama kwamba kitu kimewekwa chini yake.

Kisha mtu akakohoa.

Inspekta aliifuata sauti mpaka akasimama katikati ya Bahari ya Chumvi. Aligeuka, na alichokiona kwenye uso wa makamu kilimtisha kuliko ile sauti. Makamu hakuwa anashangaa kwamba kuna shimo. Alikuwa anashangaa kwamba shimo limekohoa.

“Hapana,” makamu alisema, hamwambii mtu. “Hakuwa anapumua. Nilimsikiliza kifua. Tulibishana tu, nikamsukuma, akajigonga pale Hebroni. Hakuwa anapumua.”

“Kuna nini chini, makamu?”

“Tangi la zamani la maji ya mvua. Alipoijenga bahari alitumia mfuniko wake, ndipo mahali pekee panapokwenda chini.” Alijifuta mdomo. “Amekufa. Unaelewa? Jumamosi amekufa. Mimi nimemlilia.”

Kutoka chini, kitu kiligonga. Mara tatu.

Makamu alirudi nyuma hatua mbili na mkono wake ukaukuta mtaimbo bila kuutafuta.

“Ondoka hapo,” alisema.

“Konstebo wangu yuko getini.”

“Geti liko mbali.”

Akapanda. Kwa viatu. Kiatu cha kwanza kiliivunja Gaza, cha pili kikaingia kwenye vilima vya Yuda na udongo ukalia kama mifupa. Inspekta alilishika jagi tupu kwa mikono miwili. Hakuwa na kitu kingine. Alifikiria, bila sababu yoyote, kikopo cha dawa kilichokuwa mfukoni mwake, na kwamba akianguka hapa hakuna atakayejua kinapaswa kupelekwa wapi.

Ufunguo ukazunguka mlangoni. Mara mbili, kutoka nje.

Fundi aliingia na kopo la plasta mkononi. Akasimama. Akamwona mpelelezi peku na jagi. Akamwona makamu katikati ya milima, ameshika mtaimbo.

“Afadhali umekuja,” makamu alisema, na ile sauti ya harusi ikamrudia, nzima kabisa. “Huyu mama ameharibu bahari. Mtoe nje, halafu uzibe tena. Kama ulivyoziba.”

Kama ulivyoziba. Inspekta alimtazama fundi. Fundi hakumtazama yeye. Alikuwa anatazama sakafu: njia ya maji kutoka Hermoni, Galilaya imejaa, Yordani inang’aa, na mwisho wake pamelowa tu.

“Maji yamekwenda wapi?” aliuliza.

“Yamekauka.”

“Hayakauki hivyo, mheshimiwa. Mimi ndiye ninayeyafuta kwa tambara. Miaka tisa. Nayafuta kwa sababu hayana pa kwenda.”

“Fundi. Nimekuambia ziba.”

Fundi aliweka kopo chini. Akavua ndala, moja, ya pili, akazipanga ukingoni kwa mazoea, hata saa ile. Akapanda akipita bondeni, asikanyage mji, mpaka akafika mbele ya makamu. Alikuwa mfupi kwake kwa kichwa kizima. Akanyoosha mkono.

“Nipe mtaimbo wangu. Niliuona humu Jumapili, nikaogopa kuuliza. Nina watoto, nikasema kazi ni kazi. Nipe.”

Chini, palipigwa tena. Mara tatu, polepole zaidi, na ya tatu ilikuwa hafifu.

Makamu aliangalia sakafu chini ya viatu vyake. Mkono wake ulilegea. Aliutoa ule mtaimbo kama mwanafunzi anayerudisha kitabu cha watu.

Fundi aligeuka nao kuelekea kwa Inspekta.

“Sogea, afande.”

Akili ilimwambia asogee. Miguu haikusikia. Alikuwa anaitazama ile ncha nyeupe.

“Afande, umesimama juu ya mfuniko.”

Akasogea. Fundi aliuchomeka mtaimbo kwenye ukingo wa Bahari ya Chumvi, akalalia kwa kifua, na plasta mbaya ikabanduka vipande vipande.

“Wewe,” Inspekta alimwambia makamu, “kaa kule kwenye Bahari Kuu. Chini. Mikono juu ya kichwa.” Makamu akaenda akakaa kwenye buluu, akawa mdogo. Inspekta alimtia pingu, akamtoa ufunguo mfukoni, akachungulia koridoni na kumwita konstebo kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Sauti ilifika getini.

Mfuniko ulisogea nusu. Harufu ya tope na mkojo ilipanda. Inspekta alilala kifudifudi, bega ndani ya shimo, akamulika kwa simu isiyo na mtandao. Kina kilikuwa kimo cha watu wawili. Chini, kwenye tope kavu, mzee alikuwa ameketi ameegemea ukuta, mguu mmoja umekaa vibaya, damu imekaukia sikioni. Miguu peku. Kiganja alikuwa amekiinua kichwani, amekikunja kama bakuli, pale pale tone lilipokuwa likiangukia. Alikuwa hajakiteremsha.

“Mwalimu,” Inspekta alisema. “Mwalimu, ni polisi. Mama yupo nyumbani, anakungoja. Nina dawa zako.”

Midomo ya mzee ilitembea bila sauti. Ilichukua muda. Fundi alikuwa ameacha kazi, machozi yanamchuruzika na plasta.

“Nani amemwaga?” sauti ikauliza.

“Mimi.”

“Ulianzia wapi?”

“Hermoni.”

Mzee alifumba macho, akalamba kiganja chake kilicholowa, chote, hadi kwenye mikunjo ya vidole.

“Ndivyo,” alisema. “Ongeza.”